Madini na vimondo vya kuangalia kwa lenzi

Watu wakisikia nakusanya mawe wanategemea kukuta sebule imejaa majabali, wakifika wanaoneshwa droo moja tu, na ndani ya droo ni vile viboksi vya plastiki vyenye kioo juu na sponji ndani, ambavyo mabroka wa Arusha wanawekea vito. Vingi vya vilivyomo havifiki hata punje ya mahindi. Bila lenzi ya sonara, ile ya mara kumi, hapo hamna maongezi.

Mi napenda vidogo, na sio kwa sababu ya hela tu, ingawa hela nayo inahusika sana jamani. Fuwele ndogo mara nyingi imekamilika, pembe zake zote zipo, ile kubwa ishapigwa nyundo, ishasafiri kwenye gunia, ishashikwa na kila mtu. Alafu kuna madini ambayo makubwa yake hayapo kabisa. Chukua merelaniaiti, madini mapya yaliyotambuliwa rasmi 2016 kutoka Mirerani hapo Manyara, yakachaguliwa mpaka kuwa madini ya mwaka duniani, na yakapewa jina la hiyo sehemu kwa heshima ya wachimbaji wake, sasa niambie wangapi hapa Bongo tunaijua? Ni vinyuzi vya kijivu vinavyong'aa, unene wake sehemu chache za mia za milimita, ndani kuna molibdenamu, risasi, vanadi na salfa, na vinakaa pembeni ya tanzanaiti na kinywe (grafiti). Mtu akisugua jiwe lake kwa brashi ngumu ili ling'ae, keshavifuta vyote na hatajua.

Kwa vimondo ni hivyohivyo. Kile cha Mbozi ni chuma cha zaidi ya tani kumi, kinalindwa kisheria, nenda Songwe ukakione pale pale kilipo, na mtu akikuletea "kipande cha Mbozi" mfukoni achana naye. Ila cha Mbale, Uganda, kile kilichoanguka 14 Agosti 1992, kilipasuka angani kikashuka vipande mamia, vingine vidogo sana, na kimoja cha gramu tatu na kitu kilipita kwenye majani ya mgomba kikapungua kasi ndo kikamgonga mtoto kichwani, hakuumia. Gramu tatu! Hiyo ndo saizi ya droo yangu kabisa. Kenya nao wana cha Thika, Julai 2011. Kwa ndugu zetu wa Muscat, najua jangwa la huko limetoa vimondo maelfu lakini msiniletee, Oman hairuhusu vitolewe nje ya nchi.

Sasa kitu ambacho nagombana nacho sana na wakusanyaji wenzangu ni lebo. Kimondo cha gramu moja bila karatasi ni kokoto jeusi basi, huwezi kukiangalia kwa macho ukasema hiki cha Mbale na hiki cha Thika, vyote ni mawe ya aina moja karibu, wataalamu wanaviweka kundi la L, yaani vya mawe vyenye chuma kidogo, vyote viwili. Kwa hiyo andika jina, mahali, tarehe, uzito, na nani alikupa. Kwa madini usiishie "Mirerani", andika kitalu cha mgodi kama unakijua, C au D, andika kimetoka pamoja na madini gani. Namba ileile iwe chini ya kiboksi na kwenye daftari, maana viboksi vinafunguliwa na wageni wana mikono. Na lebo ya zamani usiitupe hata kama ina makosa, weka yako juu yake.

Nikiletewa jiwe jeusi na mtu anaapa limetoka mbinguni, kwanza naangalia matundu, likiwa na matundu ya hewa kama yote hiyo karibu kila mara ni takataka ya tanuru la chuma au jiwe la volkano, na sisi wa huku kaskazini mawe ya volkano tunayo ya kumwaga. Kisha nalisugua nyuma ya kigae, upande usiong'aa, likiacha mstari wa kahawia-nyekundu ni hematiti, madini ya chuma ya hapahapa duniani. Sumaku peke yake haitoshi, inashika vitu vingi tu vya duniani.

Kuhifadhi sasa. Hata kimondo cha mawe kina chembe za chuma na nikeli, na adui ni unyevu na chumvi, kwa hiyo wa Dar, Tanga na Mombasa mna kazi kuliko mimi. Tumia kibano, usishike kwa vidole vyenye jasho, na vile vipaketi vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya weka ndani ya droo, ubadilishe. Fuwele naisimamisha kwenye kijiti cha meno kilichopakwa rangi nyeusi, kwa gundi nyeupe inayotoka na maji, supagluu hapana. Kuonesha watu wengi kwa mpigo nabandika kamera ya simu kwenye lenzi, taa naiweka pembeni sio juu, vinyuzi ndo vinaonekana hivyo.

Kama una kipande cha Thika chenye karatasi zake, hata nusu gramu, tuongee. Nina prehnaiti (madini mengine ya huko) na kinywe cha Mirerani vya ziada, risiti zipo.