Kura mbili za babu na Mangi Mkuu Marealle

Marehemu babu yangu, mkulima wa kahawa wa Kilema, Kilimanjaro, alimpigia kura Thomas Marealle mwaka 1951 awe Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu, wa Wachagga, na miaka tisa baadaye akapiga kura ya kukiondoa cheo hicho hicho. Bibi ndiye aliyenisimulia haya tukiwa barazani tunachambua maharage, na hakuona ajabu yoyote ndani yake, kana kwamba anaeleza jinsi mumewe alivyonunua ng'ombe kisha akamuuza. Mimi nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba nyumba za kifalme huanguka kwa mtutu, kama ilivyoanguka ile ya Zanzibar Januari 1964, Sultani Jamshid akaondoka kwa meli. Huku kwetu mlimani haikumwagika hata tone la damu. Watu walipanga foleni.

Damu ilikuwa imekwisha kumwagika zamani, na nyumba ya Marealle haiwezi kuelezwa bila kuitaja. Babu yake Thomas, Mangi Marealle wa Marangu, alikuwa kijana wa makamo Wajerumani walipofika, na aliwasoma upesi kuliko wenzake. Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, lakini Marealle alikuwa rafiki yao mkubwa, na kwa urafiki huo eneo lake likapanuka hadi Rombo. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, akiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho, kwa tuhuma za kula njama dhidi ya serikali ya Kijerumani. Masimulizi ya Old Moshi yanasema kwamba tuhuma hizo zilitoka Marangu. Wazee wa Marangu wana masimulizi yao, na sitajaribu kuwapatanisha hapa. Ninachojua ni kwamba miaka zaidi ya mia imepita na bado kuna vikao ambavyo jina la Marealle likitajwa, mtu mmoja hutazama chini.

Ndiyo maana ninaona ni jambo la kustaajabisha kwamba mjukuu wa Mangi huyo alikuja kuchaguliwa na mlima mzima. Thomas alizaliwa mwaka 1915, akasoma Tabora na baadaye Uingereza, akawa mtumishi wa serikali. Huku nyumbani Waingereza walikuwa wamewaweka juu ya wamangi wadogo waitori watatu, mmoja kwa kila tarafa: Abdiel Shangali wa Machame kwa Hai, Petro Itosi Marealle kwa Vunjo, na John Maruma kwa Rombo. Petro Itosi alikuwa mwana wa Mangi Marealle wa kwanza, na mwaka 1947 alitoa kitabu cha mila za Wachagga kilichoandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo kwa maoni yangu limeipa nyumba hiyo maisha marefu kuliko bendera yoyote. Lakini wakulima hawakuwapenda sana waitori. Waliona ni ngazi nyingine ya kupandia kabla ya kusikilizwa. Chama cha Kilimanjaro Chagga Citizens Union, kilichoongozwa na Petro Njau pamoja na Joseph Merinyo, mtu wa siku nyingi katika siasa za kahawa, kikadai mkuu mmoja wa Wachagga wote, achaguliwe na watu wenyewe. Chama hicho kilimtaka Thomas, naye akashinda na kutawazwa mwanzoni mwa mwaka 1952.

Hapo Uchagga ukawa karibu na nchi. Ulikuwa na bendera, ulikuwa na siku yake ya kusherehekea kila Novemba, na bei ya kahawa ya miaka hiyo ilijenga shule na kuwapeleka vijana masomoni ng'ambo. Mwaka 1957 Mangi Mkuu alikwenda New York na kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuhusu mustakabali wa Tanganyika. Bibi anakumbuka zaidi motokaa yake. Anasema ilipopita barabara ya chini, watoto walikimbia kutoka vihambani, yaani mashamba ya nyumbani, mpaka barabarani, na vumbi lilipotua bado walikuwa wamesimama.

Kilichomwangusha hakikuwa kimoja. Watu waliuliza kama cheo ni cha kupigiwa kura kila baada ya muda au ni cha maisha na cha kurithisha; wengine walinung'unikia gharama na jinsi madaraka yalivyokusanyika mkononi mwa mtu mmoja; na TANU ilikuwa imekwisha kuingia kila kijiji na fikra kwamba Mchagga ni Mtanganyika kwanza. Wapinzani wake wakadai rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na katika kura ya mwaka 1960 walishinda kwa wingi mkubwa. Mwalimu Solomon Eliufoo, ambaye baadaye alikuwa waziri, ndiye aliyeshika uongozi. Mwaka 1963 serikali huru ikafuta uchifu nchi nzima.

Thomas hakuondoka kimya. Alilishtaki baraza la wilaya akidai fidia ya mkataba wake, Mahakama Kuu ikampa haki, kisha Bunge likatunga sheria iliyofuta madai ya namna hiyo. Nikiri kwamba katika hili niko upande wake: mtu anaweza kunyimwa kiti na wapiga kura, na hana la kulalamika, lakini kunyimwa hukumu aliyokwisha kuipata mahakamani ni jambo jingine.

Hata hivyo sidhani kwamba serikali ile iliwachukia wana wa machifu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe aliingia katika baraza la kwanza la mawaziri, na Adam Sapi Mkwawa akawa Spika. Kilichokatazwa ni kiti, si mtu, na kila aliyekubali kukaa kwenye kiti kingine alipewa.

Neno lenyewe lilipata kazi mpya. Ukiwa Dar es Salaam, mtoto akitumwa chumvi huambiwa aende kwa Mangi, maana yake duka la pembeni, awe mwenye duka ametoka Machame au la. Nilipokaa huko nilikuwa nikicheka kila niliposikia, na nikarudi Moshi nikiwa nimeacha kucheka, kwa sababu nililiona tena neno hilo barabarani Himo, limeandikwa juu ya mlango wa duka la soda.

Thomas Marealle alifariki dunia Februari 2007 akiwa na umri wa miaka 91. Alitawala miaka minane tu, kisha akaishi miaka 47 akiwa raia kama wengine, kipindi ambacho ndani yake vijiji vya ujamaa vilianzishwa na kuachwa, na vyama vingi vikarudi. Babu alikuwa ametangulia. Bibi anasema kwamba hata katika miaka ile ambapo kila mtu aliitwa ndugu, kuanzia mjumbe hadi rais, babu hakuwahi kumwita ndugu Marealle. Alimwita Mangi Mkuu, hata mbele ya watu wa chama.

Nilimuuliza bibi kama babu aliijutia ile kura ya pili. Alifikiri kidogo, akapepeta maharage, akasema hajui. Ila kura ya kwanza babu alikwenda amevaa koti la kanisani, na ya pili alikwenda na nguo za shamba, akarudi moja kwa moja kupogolea kahawa.