Chanda Kilichovimba

Sheikh aliushika mkono wangu wa kulia, akaufumbata kama kawaida ya kuozesha, kisha akanyamaza. Nilidhani anatafuta maneno. Kumbe dole gumba lake lilikuwa limegusa pete. Alikigeuza kiganja changu huku na huku kama mtu anayechagua samaki sokoni, akaitazama ile pete, akanitazama mimi, akauliza kwa sauti ya chini ambayo msikiti mzima uliisikia:

"Hii ni fedha au dhahabu, mwanangu?"

Ilikuwa baada ya Alasiri, siku ya Ijumaa, mwaka 2003, katika msikiti mdogo wa Kibokoni, Mombasa. Nilikuwa na miaka 27, karani wa bandarini, na kidoleni nina dhahabu ya karati 21 iliyonunuliwa Deira, kule Dubai, na shemegi yangu aliyekuwa akifanya kazi huko. Mama mkwe ndiye aliyenivisha Jumatano jioni. Alifungua kijisanduku cha mahameli, akacheka, akasema, "Chanda chema huvikwa pete." Sasa wewe mkwe mtarajiwa, umekaa kwenye zulia la watu, sambusa yao iko mdomoni, utamwambia nini mzazi wa mtu? Nilinyoosha kidole.

Hukumu nilikuwa naijua. Tangu chuoni maalim alitukaririsha kwamba dhahabu na hariri ni halali kwa wanawake wa umma huu, haramu kwa wanaume wake. Nilijiambia nitaivaa siku ile tu kwa heshima ya mkwe, kisha niivue. Lakini nikisema niliivaa kwa heshima peke yake nitakuwa mwongo. Niliipenda. Alhamisi nzima ndani ya matatu nilishikilia bomba la juu kwa mkono ule ule, makusudi, mpaka bega likaniuma.

Kwetu Mji wa Kale mwanamume na mapambo ni mambo ya kutazamana kwa pembe ya jicho. Nilipokuwa mdogo, kijana mmoja wa mtaani alirudi kutoka melini akiwa na hereni moja sikio la kushoto. Alipopita mbele ya baraza, wazee walinyamaza wote kwa pamoja, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko matusi. Wiki ya pili hereni haipo, ndewe tu imebaki, na hata hiyo aliifunika kwa kofia. Lakini hao hao wazee, hakuna hata mmoja aliyekuwa na vidole vitupu. Huyu ana pete ya fedha yenye akiki nyekundu ya Yemeni, yule ana feruzi, na kila jiwe lina hadithi yake ya nusu saa. Na hapo Ngomeni, mbele ya Fort Jesus, Wamasai wamesimama na shanga kuanzia masikioni hadi vifundo vya miguu, mkononi rungu, na sikupata kusikia mtu wa baraza lile akiutilia shaka uanaume wao. Sisi watoto tulijifunza sheria hizi bila kuelezwa, kama tulivyojifunza njia za vichochoro.

"Ni dhahabu, sheikh," nikasema.

"Ndoa itasihi hata ukiwa nayo," akasema, si kwa ukali. "Lakini ivue, tuanze na jambo zuri."

Niliivuta. Haikuja. Nikaizungusha, nikaivuta tena. Jua la Machi, joho zito begani, biriani ya mchana na woga wa bwana harusi vilikuwa vimekivimbisha kidole changu kikawa kama muhogo. Mtu akatoa mate akanipaka, Mungu amsamehe. Mwingine akakimbia kwenye birika la udhu akaja na kipande cha sabuni. Sabuni ikatoa povu, povu likadondoka kwenye kanzu ya darizi, pete ikakaa pale pale. Baba mkwe, aliyekuwa amekaa mkabala nami kama walii wa bibi harusi, aliinamisha kichwa akawa anazihesabu nyuzi za busati. Pete ilitoka nyumbani kwake, na yeye alijua, na mimi nilijua kwamba anajua.

Nikiwa katika hali hiyo nikaona jambo ambalo mpaka leo hunichekesha. Mikono miwili mitatu ya wageni ilirudi taratibu ndani ya mikono ya kanzu. Mmoja alikuwa na saa ya manjano inayong'aa. Mwingine, rafiki yangu tuliyesoma pamoja, alikuwa na mkufu, nikamwona akifunga kifungo cha juu.

Na mimi mwenyewe, hebu nitazame. Joho lina zari ukingoni kote, kiunoni jambia lenye ala iliyojaa nakshi za fedha, macho yametiwa wanja na nyanya yangu, nanukia udi na waridi kutoka kichwani hadi visiginoni. Bibi harusi mwenyewe saa ile huenda hakuwa amepambwa kunishinda. Gramu zangu 6 za kidoleni ndizo zilizosimamisha shughuli.

Ami yangu mkubwa akasogea. Alikuwa mtu wa vitabu, na ulimi wake ulikuwa na makali. Akanisomea, kwa sauti ya kunifunza na kunikebehi pamoja, kisa cha mtu aliyeonekana na Mtume amevaa pete ya dhahabu. Mtume akaivua, akaitupa, akasema mmoja wenu huliendea kaa la moto akalitia mkononi mwake. Mtume alipoondoka watu wakamwambia yule bwana, iokote pete yako, nufaika nayo. Akasema wallahi siiokoti. "Wewe lako kaa limekuganda," ami akamaliza, na alipocheka jino lake la dhahabu likaonekana upande wa kulia.

Vijana wa nyuma walilitazama jino hilo. Ami hakuwa mtu wa kushikwa kirahisi. "Msinitazame mdomoni," akasema. "Sahaba Arfaja alikatwa pua vitani, akatengeneza ya fedha ikamnukia, Mtume akamwamuru atengeneze ya dhahabu. Mimi sijalivaa kwa urembo. Mimi nilivunjika jino." Sheikh akatabasamu. Walau mtu mmoja alikuwa anaifurahia siku yangu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mshona kofia, sasa marehemu, ambaye hata katika harusi ya watu alikuwa na kazi yake mfukoni: kipande cha kofia ya vito, sindano na kidonge cha uzi mweupe. Alikuja akakaa mbele yangu bila kuulizwa. "Lete mkono. Usinivutie."

Alipenyeza ncha ya uzi chini ya pete kwa kutanguliza tundu la sindano ili isinichome, akaacha kipande kifupi upande wa kiganja. Kisha uzi ule mrefu akauzungusha kidoleni, mzingo kwa mzingo, bila kuacha nafasi hata ya unywele, kuanzia ukingo wa pete mpaka akakivuka kifundo. Alikaza. Ncha ya kidole ikageuka zambarau, nikauma midomo. "Unaoa leo," akaniambia polepole, "haya madogo." Halafu akashika kile kipande kifupi cha chini, akaanza kuufungua uzi kwa kuuzungusha kuelekea kuchani. Kila mzingo ulipofunguka, pete ilipanda hatua moja juu ya uzi uliobaki, kama mtu anayepanda ngazi. Kwenye kifundo ikasita. Nikasikia msikiti mzima umeshika pumzi. Mzingo mmoja tena, mwingine, pete ikaruka na kuviringika hadi kwenye goti la sheikh.

Watu walipiga takbiri. Kwa pete!

Ami alivua yake, ya fedha, yenye akiki iliyopauka, akanivisha. "Hakuna aliyekukataza kupendeza," akasema. Ilikuwa inanipwaya. Yule mzee hakusema neno, akakata kipande cha uzi ule ule, akaizungushia upande wa chini mpaka ikakaa. Sheikh akaushika tena mkono wangu, na safari hii dole gumba lake halikutafuta kitu. Nikakubali ndoa kwa mahari tuliyokubaliana, halua ikapita, kahawa ikapita.

Kazi ilibaki kwa mkwe. Nilipofika nyumbani kwao, wanawake wamefunga mlango wakidai kifungua mlango chao, nikatoa noti kwa mkono wa kulia, na mkono huo mama mkwe akauona kabla ya noti.

"Pete yangu iko wapi?"

"Mfukoni, mama. Sheikh alisema..."

"Haya," akasema. Kuna haya nyingi katika Kiswahili, na hii haikuwa ile nzuri. Wiki nzima alinisalimia kwa kupitia watu wengine.

Usiku ule mke wangu aliona kidole kilivyochubuka, akanilazimisha nimsimulie kisa chote, na nilipofika kwenye sabuni alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Nikaitoa pete kwenye mfuko wa kanzu, bado ina povu lililokaukia kwenye nakshi. Akaijaribu kila kidole, ikamkaa dole gumba tu. Kesho yake ndiye aliyetoa wazo la kuipeleka kwa sonara. Sonara aliipima, akaitia kwenye kijungu, akaipuliza moto, na nikaona gramu zangu zikiwa tone moja jekundu linalotetemeka. Zikatoka vipuli viwili. Mama mkwe alipoviona masikioni mwa mwanawe akanisalimia mwenyewe, kwa jina langu, na siku hizi huwaambia wageni kuwa ni yeye aliyemnunulia binti yake vipuli hivyo. Sijawahi kumsahihisha.

Pete ya ami hakuwahi kuidai. Bado inanipwaya, kwa hiyo bado ina uzi, na uzi huoza kwa maji ya udhu, hivyo kila miezi michache nauvua na kuzungusha mwingine kama nilivyomwona yule mzee. Mwezi uliopita uzi mweupe ulikuwa umekwisha ndani. Nikatia mwekundu, unaofanana na akiki. Mke wangu akauona kabla sijanywa chai, akainua nyusi, hakusema kitu. Mweupe tumeshanunua. Mwekundu sijautoa.