Jinsi nilivyotoka kwenye mikopo ya simu: gorogoro na mkebe mmoja

Nimelipa deni la mwisho juzi, ndiyo maana naandika. Dalili ilikuwa hii: kufikia tarehe 10 mshahara umekwisha, nakopa kwa simu kulipa mkopo mwingine wa simu. Nilijaribu bajeti ya daftarini, kisha mkopo mkubwa wa kuziba midogo. Wapi!

Kwanza tulihamia chumba kimoja Manyatta, hapa Kisumu. Kisha tukaacha unga wa pakiti. Jumapili naenda soko la Kibuye, nanunua mahindi gorogoro 3 (gorogoro ni kopo la kupimia, kila moja ni kama kilo 2), nayapeleka kisiagini. Omena na sukuma wiki nanunua hapo hapo.

Lakini kilichogeuza mambo ni mkebe. Kabla ya kumimina unga kwenye ndoo yetu, napima vikombe viwili na kuvitia kwenye mkebe wa mama jirani anayelea wajukuu. Kabla, si baadaye. Nilipokuwa nangoja kitakachobaki, hakikubaki kitu. Nikishatoa, naona wazi unga uliopo ni wa siku ngapi, nasi tunapika kwa kiasi hicho.

Sijakopa tangu Machi. Jana mama huyo alituletea bakuli la osuga (mboga ya mnavu), bado la moto.