Vitafunio vya Safari ya Dar es Salaam hadi Iringa

Familia yetu huenda Iringa kila mwisho wa mwaka kumwona bibi wa watoto, na kwa kuwa njia ni ya takriban kilomita 500 zinazokula siku nzima kwa gari dogo lenye watoto, chakula cha njiani hukiandaa mwenyewe nyumbani. Ninapopanga cha kupika, sianzi na ladha. Naanza na barabara: wapi kuna joto, wapi hairuhusiwi kutupa hata ganda la karanga, na wapi tumbo la mtoto litachafuka.

Visheti ndivyo hutangulia, siku moja au mbili kabla ya safari, kwa sababu vikikaushwa vizuri havina haraka ya kuharibika. Kazi yake iko kwenye shira. Sukari na maji vikichemka pamoja na hiliki hadi shira ikawa nzito na kuvuta uzi inapodondoka kwenye kijiko, unaimwagia visheti vilivyokwisha kukaangwa, kisha unavigeuzageuza bila kupumzika mpaka sukari ikauke na kuvivika weupe. Ukichoka mapema, vitagandana kuwa bonge moja ambalo watoto watalivunjia juu ya viti vya gari.

Sambusa na maandazi hupikwa usiku wa kuamkia safari, na hapa adui ni mvuke. Nyama ya kusaga huikausha kabisa jikoni, na kitunguu hukichanganya baada ya kuepua, kikiwa kimekamuliwa, kwa maana kitunguu chenye maji hulegeza manda hata kama ulizikaanga vizuri namna gani. Baada ya hapo kila kitu hupoa wazi kwenye ungo, chini ya kitambaa chepesi, kabla ya kufungwa. Wapo wanaopenda kuvitia kwenye hotipoti vikiwa bado vya moto ili wavile vya moto. Wafikapo Chalinze huwa wanakula maandazi yenye jasho. Mimi hutumia bakuli lenye mfuniko lililotandikwa karatasi safi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa vyakula vya kukaanga sioni tulichopoteza, kwani mfuko ule ulikuwa ukihifadhi unyevu kuliko chakula.

Kachori sizibebi, japo nyumbani zinapendwa kuliko sambusa. Viazi vilivyopondwa vina majimaji, na gari likisimama juani Morogoro saa sita mchana, sina imani navyo. Mayai ya kuchemsha nayachukua machache tu, na huliwa asubuhi, kabla hatujafika mbali. Matunda hayana haja ya kutoka Dar es Salaam, maana Morogoro yapo tele.

Baada ya Morogoro barabara kuu inaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuikata kwa takriban kilomita 50. Humo mwendo ni wa taratibu, wanyama huvuka barabara, na kutupa taka au kuwalisha wanyama hakuruhusiwi. Nyani nao hukaa kando ya lami wakitazama madirisha, na wanaijua sana mikono ya watoto. Kwa hiyo kabla ya kuingia hifadhini maganda yote hukusanywa kwenye kopo la taka lililo miguuni pangu, vioo hupandishwa, na kinacholiwa humo ndani ni kitu cha kutia mdomoni mara moja, yaani visheti au korosho zilizomenywa.

Tukishapita Ruaha Mbuyuni, ambako mume wangu hawezi kupita bila kununua vitunguu, bakuli la sambusa hufungwa na halifunguliwi tena hadi tumemaliza Mlima Kitonga. Kona za mlima ule ni kali, malori hupanda kwa kujikokota, na harufu ya mafuta ndani ya gari lililo kwenye foleni humtapisha hata mtu mzima. Mtoto anayelalamika hupewa kipande cha mkate mkavu na maji ya kunywa kidogo kidogo, basi.

Juu ya Kitonga hewa hubadilika, na kufikia Ilula watoto huwa wameanza kuulizia masweta. Hapo ndipo tunaposimama, tunafungua chupa ya chai ya tangawizi, na maandazi yaliyobaki hupata kazi yake. Mume wangu hushauri kila mara kwamba chai tungeinunua tu mgahawani badala ya kubeba chupa tangu alfajiri. Sijakubali, kwa sababu chai ya mgahawani huja na sukari tayari, na watoto waliokunywa sukari ile baada ya kushinda wamekaa hawamwachi bibi yao alale usiku huo.