Nusu Uso

Chupa za fandesheni, ile rangi ya kupaka usoni, zilikuwa mbili, ndogo, za kampuni moja na aina moja, zikipishana rangi kidogo tu. Nilizichukua zote kwa sababu muuzaji mwenyewe alishindwa kuamua. Alinidondoshea tone la kwanza mgongoni mwa kiganja, la pili pembeni yake, tukayatazama chini ya zile taa nyeupe za dukani zinazomfanya kila mtu aonekane ametoka kuugua, akasema, "Dada, zote zimekupendeza." Labda kiganja zilikipendeza kweli. Uso wangu lakini ni habari nyingine: mashavu yana wekundu wa mbali, paji limekolea kuliko mashavu, na pembeni mwa mdomo pamekolea zaidi ya paji.

Ilikuwa wiki ya kuelekea harusi ya mdogo wangu. Miaka yote nilikuwa mtu wa fandesheni ya kopo, ile kavu ya kukandamiza kwa sponji, ambayo kufikia mchana imeshajikusanya pembeni mwa pua na kuchora mistari chini ya macho. Siku za kawaida haikunisumbua. Lakini picha ya harusi hukaa ukutani hadi wajukuu waione, nami nilikuwa msimamizi wa bibi harusi, kwa hiyo ningekuwa kwenye karibu kila picha. Ndiyo maana nikataka ya majimaji.

Shangazi, aliyekuja kusaidia maandalizi, alinikuta bafuni nikijigeuzageuza mbele ya kioo.

"Humo ndani unaona nini, mwanangu? Njoo dirishani."

Shangazi mwenyewe hajawahi kupaka zaidi ya wanja na poda. Ila alikuwa fundi cherehani kwa miaka mingi, na fundi wa zamani huchagua uzi mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kwa kuulaza juu ya kitambaa. Wewe ukiona nyuzi mbili nyeusi, yeye anakuambia moja ina ubuluu. Kwa jicho hilo alinishika kidevu, akanigeuza upande, akanichora mistari miwili kwenye taya ikishuka kidogo shingoni. Ile ya chupa ya kwanza, nyeupe zaidi, ilijitokeza waziwazi. Ya pili ilizama kwenye ngozi, mpaka akainamisha kichwa kuitafuta.

"Hii hapa," nikasema.

"Rangi mbichi haiaminiki. Paka hii shavu hili, ile shavu lile, halafu twende tukapige pasi."

Nikapaka nusu kwa nusu. Kwanza mafuta ya uso, nikayaacha yaingie. Praima niliyokuwa nayo, ile ya kutangulia kabla ya fandesheni, ilikuwa ya silikoni na fandesheni ilikuwa ya maji. Hivi viwili mara nyingi havielewani, huviringika usoni vikawa takataka ndogondogo, basi nikaiweka kando. Sponji nikailowesha na kuikamua vizuri, kisha nikagongagonga kuanzia katikati ya uso kwenda nje. Ukisugua unaacha michirizi, tena unaiondoa rangi ileile uliyotoka kuipaka.

Tukapiga pasi. Kulikuwa na joto, tukapiga soga, nikausahau uso. Katikati ya kazi akaja mgeni kumuulizia mama. Akanisalimia, akatazama shavu la kulia, akahamia la kushoto, akarudi la kulia, akasema kwa huruma sana, "Pole jamani. Ni jino?"

Shangazi alilazimika kuiweka pasi chini.

Kioo kilinionyesha alichokiona. Shavu la kushoto, lenye ile rangi iliyozama vizuri asubuhi, lilikuwa limegeuka kuwa la kutukutu, na mpaka wake ulionekana wazi kwenye taya. "Uso umeshafika," Shangazi akasema, "shingo bado iko njiani." Sababu niliijua baadaye, nayo haina uchawi. Rangi ya fandesheni nyingi hutoka kwenye oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, zikichanganywa na titani dioksaidi ambayo ni nyeupe. Majimaji yakishakauka na mafuta ya ngozi yakishaulowesha ule unga wa rangi, rangi hukolea. Ngozi yenye mafuta mengi, kama yangu, huikolesha zaidi. Kwa hiyo kinachoonekana dakika ya kwanza si kile utakachotembea nacho barabarani.

Shavu la kulia, ambalo asubuhi lilionekana jeupe mno, lilikuwa limetulia likawa shavu langu kabisa. Tatizo likawa paji: upande ule lilikuwa na ujivujivu. Nikaanza kuwaza kurudi dukani kutafuta chupa ya tatu, ya katikati. Shangazi akacheka. Akachukua kifuniko cha chupa, akadondosha tone moja la hii na nusu tone la ile, akakoroga kwa kijiti.

"Sisi uzi ukikosekana tulikuwa tunasokota miwili pamoja."

Nilipokuja kusoma habari za Eunice Johnson, yeye na mumewe wakiwa wachapishaji wa jarida la Ebony huko Marekani, nilimkumbuka Shangazi na kile kifuniko. Wanamitindo wa maonyesho yao, weusi, walikuwa wakijichanganyia fandesheni wenyewe kwa sababu hawakupata za kuwafaa. Kampuni kubwa za vipodozi zilipokataa kuwatengenezea, mama huyo na mumewe wakaanzisha kampuni yao ya vipodozi, Fashion Fair, mwaka 1973. Na bado ilipofika 2017, Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya mwimbaji Rihanna, ilipoingia sokoni na fandesheni za rangi 40, watu walishangilia, maana watu weusi walikuwa bado wanachanganya nyumbani.

Mchanganyiko wa Shangazi nikaupaka kwenye paji na pembeni mwa mdomo, mashavu nikayaachia ile nyeupe zaidi peke yake. Safari hii tulisubiri bila kuambiwa. Mdogo wangu akaja na simu, akanipiga picha dirishani, akanipiga nyingine kwenye korido kwa flashi. Ya dirishani ilikuwa nzuri kupita nilivyotarajia. Ya flashi ilinitoa mweupe shingo ikabaki nyuma, kwa sababu ile fandesheni ilikuwa na kinga ya jua ndani yake, na chembe zake nyeupe huurudisha mwanga wa kamera. Mdogo wangu akaamua papo hapo kwamba mpiga picha ataambiwa tutapigwa nje, mchana, na flashi izimwe.

Kwenye kifuniko kulikuwa kumebaki kidogo. Shangazi alikichungulia, akachovya kidole, akajipaka kwenye taya, akaenda zake dirishani na kioo cha mkononi.

"Yangu niongezee ile iliyokolea," akasema bila kugeuka. "Na usinisemeshe mpaka ikauke."