Inshallah ya kunifukuza

Leo siku ya sita na maneno ya Bi Mkubwa, yule mzee wetu tuliyeanzia kubangua korosho chini ya mwembe wake, bado hayajanitoka. Naosha vyombo, ninayo. Napima unyevu wa korosho pale ghalani, ninayo. Jana kwenye isha nimefika rakaa ya tatu sijui kama ni ya tatu au ya pili, nikaanza upya.

Ilikuwa Jumamosi, Mikindani, uani kwake. Nilimpelekea ming'oko, vile viazi vya porini, na sukari kilo mbili kama kawaida yangu, nikamkuta mkekani anabangua korosho. Mnajua keshaacha kubangua ya kuuza, macho hayamsaidii tena, ila akipata korosho kiganja kimoja hawezi kukaa nazo akaziangalia tu. Vidole kajipaka majivu ili mafuta ya ganda yasimle ngozi, ingawa ncha za vidole vyake zilishaliwa zamani, nyeusi kama zimechovywa wino. Anaiweka korosho juu ya jiwe, anaigonga mara moja tu, ganda linafunguka, halafu anaichokoa taratibu kwa ncha ya kisu mpaka inatoka nzima. Nzima kabisa, bila ufa. Mimi nikibangua kumi, nne zinakatika, na korosho ikishakatika bei yake si ile tena.

Tulikuwa tunaongea habari za kaka na harusi yake. Ghafla, wala hakuinua macho, akaniuliza, "Mwanangu, hicho kiwanda chenu nitakiona kwa macho haya?"

Nikamjibu, "Inshallah bi mkubwa."

Akanyamaza. Akachokoa nyingine, akaiweka kwenye ungo. Ndo akasema, "Hiyo inshallah ya kunifukuza hiyo. Nipe ya kweli, au nyamaza."

Basi, hayo tu. Hakukasirika wala nini, akaniambia nimwite mjukuu wake alete maji ya kunywa, tukaendelea na mengine, nikaaga nikapanda daladala kurudi Mtwara mjini. Lakini tangu pale kwenye siti ya daladala nilianza kuirudia. Nimeisemaje ile inshallah? Niliisema haraka? Niliangalia pembeni? Kuna jinsi mtu anasema inshallah huku mkono ushashika kitasa cha mlango, na nadhani nilisema hivyo. Na nadhani si mara ya kwanza, ila ndo mara ya kwanza mtu kunishika.

Wiki yenyewe imejaa mambo, kaka kaongeza mke Jumatano, minada ya korosho imeanza na magari yamepanga foleni mpaka barabarani, na mimi nimepewa usimamizi wa zamu pale ghalani na mshahara umepanda, alhamdulillah, haya yote siku nyingine ningeyaandikia kurasa. Lakini kila nikitulia inakuja sauti yake. Nipe ya kweli.

Mwanzo niliumia kwakweli. Yani mimi? Mimi ndo wa kuambiwa hivyo? Mliokuwa na mimi tangu mwanzo mnajua, 2011 tulikuwa wanawake 14 chini ya mwembe wa Bi Mkubwa huyohuyo, kila mtu na jiwe lake, tunabangua tunaweka kwenye vimfuko tunauza stendi, na ni mimi niliyesema siku ile kwamba hapa tutatoka, tutakuwa na kiwanda chetu, kidogo lakini chetu. Wapo waliocheka. Leo tumebaki 9, wawili wametangulia mbele za haki, mmoja kahamia Tunduru, wawili wamechoka na siwalaumu. Kiwanja cha hicho kiwanda, pale Naliendele, nilikinunua kwa hela ya mikorosho ya marehemu baba, ule msimu wa 2018 wa bei ya shilingi 3300 kwa kilo, serikali iliponunua korosho na jeshi likaja kubeba mzigo, hela ilichelewa kufika lakini ilipofika sikununua hata kitenge, nikaenda moja kwa moja kwa mwenye kiwanja. 2019 tukachimba msingi. 2022 kuta zikafika kwenye linta. Mimi nimekesha na tahajudi kwa ajili ya zile kuta, halafu naambiwa nipe ya kweli?

Na kuna lile la baba ambalo hapa nimeligusia gusia tu. Ghala ninalofanyia kazi lilikuwa kiwanda, kimoja kati ya vile vya kubangulia korosho vilivyojengwa miaka ya 1970, na baba alikuwa fundi wa mitambo humohumo. Alikuwa akirudi nyumbani nguo zinanuka mafuta ya ganda, harufu ile kali inayokwangua koo, na mimi nilikuwa naipenda kwa sababu ndo ilikuwa harufu ya baba. Nilikuwa darasa la tatu kilipofungwa. Mashine zilishatolewa siku nyingi, ila vile vyuma vilivyokuwa vimezishika chini bado vimesimama kwenye sakafu, vifupi, vina kutu, na kila msimu tunapanga magunia ya korosho ghafi tukivikwepa. Vibarua wapya wanajikwaa navyo. Mimi sijikwai, navijua kimoja kimoja. Na kila msimu nasaini karatasi za mzigo unaokwenda bandarini, ghafi vilevile na maganda yake, India, Vietnam, wakabangue wao. Kilo nne mpaka tano za ghafi ndo upate kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, na ile kazi yote ya katikati hapo, ya kuchemsha na kupasua na kukausha na kumenya na kupanga madaraja, ndo mshahara wa mtu. Ndo ulikuwa mshahara wa baba yangu.

Sasa leo Ijumaa. Ijumaa huwa nasoma Suratul Kahf kabla sijaenda kazini, tangu madrasa, na wakati mwingine mdomo unasoma moyo uko sokoni. Leo nimefika aya ya 23 na 24 nikasimama. Ile isemayo usiseme kabisa juu ya jambo lolote kuwa hakika mimi nitalifanya kesho, isipokuwa Mungu akipenda. Nimeisoma maisha yangu yote na siku zote nasikia lile la mwisho tu, akipenda. Leo nimesikia lililotangulia. Nitalifanya. Kesho. Yani mtu kwanza ana jambo lake, kalinuia, na ana siku ya kulifanya, ndo inshallah inakuja kukaa juu yake. Mimi nimemjibu Bi Mkubwa kwa inshallah isiyo na kitu chini yake. Mwaka wa tatu huu sijapeleka hata mfuko wa saruji pale Naliendele, na kila anayeniuliza namtajia jina la Mungu ili aache kuuliza.

Nimelia kidogo, sitaficha. Halafu nikaenda kazini.

Nilipotoka sikurudi nyumbani, nilipitia Naliendele. Majani yamefika kiunoni. Kwenye kile chumba tulichopanga kuweka tanuri umeota mpapai, umeshanizidi urefu, una mapapai matatu mabichi. Nimekaa juu ya tofali nikapiga hesabu upya, maana miaka yote hii bajeti yangu ni ya jengo zima, bati zote, milango yote, choo, tanki la maji, kwa sababu tukitaka korosho zetu ziingie madukani na nembo ya ubora ya TBS lazima pawe mahali pa kueleweka, huwezi kuomba nembo kwa korosho ya chini ya mwembe. Hesabu ile kila nikiiangalia inanikata miguu. Leo nimehesabu chumba kimoja tu, cha kumenyea, ambacho ndo cha kwanza ukiingia. Bati 18, mbao, misumari, kibarua wa siku mbili. Hiyo nyongeza ya mshahara ya miezi miwili inafika, na akina mama wakichanga kama tulivyokuwa tunachanga zamani inafika mapema zaidi.

Nikampigia palepale, kabla ubaridi haujaniingia.

"Bi mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Umefika salama siku ile?"

"Nilifika. Bi mkubwa, tunaezeka chumba cha kumenyea. Mwezi huu nikipokea mshahara nanunua bati, mwezi ujao fundi anapanda, kabla mvua hazijachanganya. Inshallah."

Kimya. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga. Nikajua simu imekatika, nikaiangalia, wapi, sekunde zinakwenda.

"Mlango umeelekea wapi?"

"Mashariki."

"Mashariki jua la asubuhi litawapiga usoni, mtu hawezi kuona ganda limebaki wapi. Wekeni kaskazini." Halafu, taratibu kidogo, "Na mimi mtaniweka wapi?"

Nikamwambia karibu na mlango, penye mwanga.

"Haya," akasema, na akakata.

Kwahiyo sasa nina ukuta wa kuvunja upande wa kaskazini na tundu la kuziba mashariki, gharama ambayo haikuwepo kwenye hesabu, na nimeshamtumia fundi meseji, na kwenye grupu la akina mama nimeandika tarehe. Nimeandika tarehe kabisa. Watatu wamejibu, mmoja katuma elfu kumi hapohapo.

Ningelala vizuri leo. Ila baba watoto yuko njiani anatoka Dar, alinipigia wakiwa Ikwiriri saa kumi na moja jioni, akasema huko mbele anga ni jeusi, na mimi tangu ile Mei 2024 ya kimbunga Hidaya, barabara ya kuja huku kutoka Dar ilivyokatika pale Somanga, nikisikia mvua upande ule tumbo linanikata. Saa hizi ni saa nne na robo. Nangurukuru, mbele ya Somanga, walitakiwa wawe wamepita zamani, na simu yake haipatikani.