Kumbukumbu ya mradi: mvua ikichapa, kijito kinabeba maji kiasi gani?

Wiki ya 1. Nimechora mpaka wa eneo linalomwaga maji kijitoni kwa kufuata kontua (mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko), kisha nikauzunguka kwa miguu mvua ikinyesha. Ramani ilinidanganya mahali pamoja: mtaro wa barabara unavuka mgongo wa kilima na kuleta maji ya upande wa pili. Jumla, hekta 42.

Wiki ya 2. Naanza na kanuni kongwe: mgawo wa maji yasiyozama ardhini, mara ukali wa mvua (milimita kwa saa), mara hekta, gawanya kwa 360. Unapata mita za ujazo kwa sekunde. Mapaa na lami ni asilimia 60 ya eneo, nimevipa 0.9. Nyasi na udongo, 0.25. Wastani 0.64. Muda wa maji kutoka kona ya mbali hadi kwenye kalvati, kwa fomula ya Kirpich ya 1940 (mita 1,100, mteremko wa asilimia 2), ni dakika 19. Muda huo ndio unaoniambia nichukue ukali wa mvua wa dakika ngapi.

Wiki ya 4. Hatimaye mvua ya kweli! Chupa yangu ya kupimia, niliyoisoma kila dakika 5, ilipata milimita 28 kwa dakika 20, yaani 84 kwa saa. Hesabu ikatoa mita za ujazo 6.3 kwa sekunde.

Kesho yake nikatafuta alama za kimo cha maji, nihakikishe hesabu kwa njia nyingine. Takataka zilikuwa zimenasa vichakani mita 1.2 juu ya sakafu ya kijito. Mteremko niliupima kwa mpira wa maji kama wa mafundi ujenzi: sentimita 40 katika mita 50. Nikatumia fomula ya Manning, inayokadiria kasi ya maji kutokana na umbo la kijito, mteremko na ukwaru (jinsi sakafu na mimea inavyoyazuia maji). Ukwaru niliweka 0.03, kama wa kijito safi. Jibu: 11!

Siku mbili nzima nililaumu mapaa. Kumbe kijito chenyewe kimejaa matete. Nikaweka 0.05, jibu likashuka hadi 6.6. Nikafurahi, halafu nikajishtukia: nilichagua namba baada ya kujua jibu ninalolitaka.

Wiki ya 5. Mvua ndogo, kina sentimita 50. Vijiti nilivyoviachia vimekwenda mita 20 kwa sekunde 16. Nikizidisha kasi hiyo kwa 0.85, maana maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, ukwaru unatoka 0.044. Basi siku ile yalipita kama 7.5, pengine zaidi, kwa kuwa matete hulala maji yakiyafunika.

Sasa 6.3 ndiyo ndogo. Namshuku Kirpich: takwimu zake zilitoka mabonde ya mashambani huko Tennessee, na hapa maji yanatoka paani moja kwa moja hadi mtaroni, kwa hiyo huenda yanafika mapema kuliko dakika zake 19. Nikichukua dakika 10 zilizokuwa kali zaidi (milimita 18, yaani 108 kwa saa), napata 8.1. Alama za takataka zinaangukia katikati.

Mvua ijayo nitaachia vijiti kwenye mtaro wa kona ya mbali kabisa, nivifuate na saa mkononi hadi kwenye kalvati. Koti la mvua tayari liko mlangoni.